Ukitaka sanamu ya udongo ilie, anza na mgongo

Wengi tunaoanza kufinyanga sanamu za watu tunakosea sehemu moja, na mimi nimekosea hapo miaka mingi tu: tunaanza na uso. Unakaa na donge lako, unasema leo natengeneza huzuni, unachimba macho, mdomo unaushusha pembeni, unabandika na machozi kabisa, ukimaliza unarudi nyuma hatua mbili kuangalia unakuta umetengeneza katuni. Huzuni haipo. Kuna mtu kanuna tu. Afu unarudi kuongeza chozi lingine na ndo unazidi kuharibu.

Kilichonitoa huko ni hiki Kiswahili tunachoongea kila siku. Sikiliza vizuri, ni mara chache tunasema fulani ana huzuni, tunasema kashika tama, kajiinamia, kajikunyata kwenye kona. Mwenye hasira kavimba, kakunja ndita, anauma meno. Mwenye dharau kabetua midomo. Aliyepona na balaa kashusha pumzi. Yani yote hayo ni mgongo, mabega, shingo, mikono na pumzi, uso unakuja mwishoni na saa nyingine hauhitajiki. Udongo hauwezi kubeba neno huzuni, ila kushika tama unabeba bila shida, maana ni kiwiko juu ya goti, shavu kwenye kiganja na uzito wa kichwa unaoshuka kupitia mkono. Kwahiyo hapa chini nimepanga hivyohivyo, mwili kwanza, uso baadae, na katikati kuna mambo ya udongo na moto ambayo usipoyajua hisia zako zote zitaishia vipande vipande ndani ya tanuri.

Hatua ya 1: chagua tendo la mwili, jina la hisia liache

Chukua karatasi uandike mtu wako anafanya nini, sio anahisi nini. Alafu jiulize yuko dakika ya ngapi ya hilo jambo. Hili swali watu wanaliruka na ndo lenye kazi yote. Mtu aliyepigwa na habari mbaya sasa hivi pumzi imemkwama juu, mabega yamepanda karibu na masikio, mikono iko kichwani, miguu haijui isimame wapi. Mtu huyohuyo siku ya kumi kalegea, kifua kimeingia ndani, mikono inaning'inia kama sio yake, uzito wote umeshuka kwenye makalio. Msiba ni mmoja lakini miili ni miwili tofauti kabisa, na ukichanganya ya kwanza na ya pili kwenye sanamu moja mtazamaji atahisi kuna uongo hata kama hawezi kukwambia uko wapi.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua uko Bologna, Italia, kwenye kanisa la Santa Maria della Vita. Niccolò dell'Arca alifinyanga pale kundi la watu wa udongo wa kuchoma wenye ukubwa wa binadamu, karne ya 15, wamemzunguka Yesu aliyekufa. Maria Magdalena anakuja mbio mdomo wazi, nguo zote zinapeperuka nyuma yake kama kapigwa na upepo. Mwanamke mwingine kayakamata mapaja yake mwenyewe kwa nguvu kama anajizuia asianguke. Na Yohana, huyu ndo ananimaliza, kasimama kimya kashika kidevu kwa kiganja. Kashika tama! Kundi moja, kifo kimoja, ila kila mtu yuko dakika yake. Ungeziba nyuso zao zote kwa kitambaa bado ungejua nani anapiga kelele na nani kaishiwa nguvu.

Ukishapata tendo lako lifanye wewe mwenyewe. Kaa hivyo dakika 2 au 3 bila kutikisika, sio sekunde kumi, na usikilize panapouma. Pale panapoanza kuuma au kuchoka ndipo udongo wako unapotakiwa kuonyesha nguvu, kama ni nyuma ya shingo basi pale misuli isimame, kama ni kiuno basi ngozi ikunjane. Jipige picha pembe zote nne kwa simu, na ya nyuma usiisahau, mgongo ndo watu hawaupigi na ndo unaosema kweli. Kuna mchongaji wa karne ya 18, Franz Xaver Messerschmidt, alikuwa anajifinya mwilini mbele ya kioo ili aone sura inavyojikunja, na alitengeneza vichwa zaidi ya 60 vya namna hiyo, vya metali na vya mawe ya alabasta. Ni vya ajabu, ufundi wake sina la kusema. Ila kwa maoni yangu vingi vinakushangaza kuliko kukugusa, na nadhani ni kwa sababu kichwa kiko peke yake, mwili wa kukibeba hamna.

Hatua ya 2: vidogo, vingi, haraka

Usiingie kwenye sanamu kubwa moja kwa moja. Tengeneza vidogo vya sentimita 10 mpaka 15, kila kimoja dakika 10 tu weka alamu, kwa vidole bila kifaa chochote, na kichwa kiwe kidonge cha mviringo, marufuku macho marufuku mdomo. Fanya kumi. Vitatu vya kwanza vitakuwa vile ulivyozoea kuona kwa watu wengine, cha nne mpaka cha sita utachukia, kuanzia cha saba hivi mikono inaacha kufikiria na ndo vinaanza kuja vitu.

Kuvipima ni rahisi. Zima taa ya chumba, weka tochi ya simu nyuma ya kila kimoja, angalia kivuli ukutani. Kivuli kikisomeka umepata, kikiwa donge tu basi hata ukikifanya kikubwa kitakuwa donge kubwa. Pili muite mtu yeyote asiyejua kitu muulize "huyu anafanya nini?" Narudia, anafanya nini. Ukimuuliza anahisi nini atakupa jibu la kukufurahisha, lakini ukiuliza anafanya nini atakwambia kachoka, anamsubiri mtu, anaficha kitu, na hapo utapata habari zako kamili. Mimi kuna kidogo kimoja nilikiita toba moyoni mwangu, jirani akaniambia huyu anatafuta sarafu iliyodondoka. Nikakivunja palepale.

Na kama una wasiwasi kwamba bila uso haiwezekani, kumbuka Rodin, mchongaji wa Ufaransa, ana yule mtu wake anayetembea, hana kichwa hana mikono, na bado unaona kabisa kwamba kadhamiria.

Hatua ya 3: udongo

Hapa sikai sana. Tafuta udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chenga za vigae vilivyosagwa, kwa sanamu asilimia 20 mpaka 40 ni sawa. Zile chenga zimeshachomwa tayari kwahiyo hazisinyai, zinapunguza kupasuka na zinafungua njia unyevu utoke. Udongo laini mtupu unapendeza mkononi ila kwenye kitu kinene unakusaliti. Ukande vizuri, ukikata katikati kwa waya usione mashimo wala mistari ya rangi tofauti.

Jua pia kwamba kitasinyaa. Udongo mwingi wa moto mkali unapungua kama asilimia 10 mpaka 12 toka ubichi mpaka utoke tanurini, yani mtu wa sentimita 40 unampokea akiwa 35 au 36. Sio tatizo, ila ukipanga kumkalisha kwenye kiti cha mbao ulichokitengeneza kabisa kwa kipimo cha ubichi utalia wewe badala ya sanamu.

Hatua ya 4: kuusimamisha mwili

Kuna njia mbili. Ya kwanza unajenga tupu ndani toka mwanzo, kwa kamba za udongo au mabamba, kama anayefinyanga chungu, kuta za sentimita 1 mpaka 1.5 kwa sanamu ya hizo sentimita 40. Ya pili unafinyanga donge zima kwanza afu baadae unalikata na kulikomba ndani. Kwa kazi ya hisia mi napenda ya pili, kwa sababu ukiwa na donge zima unaweza kumsukuma mtu wako mgongoni kwa kiganja akainama zaidi, unamzungusha kiuno, unabadilisha mawazo saa ya mwisho. Ukijenga tupu mambo hayo ni magumu, ukuta unabonyea.

Sasa kuna jambo nililigundua taratibu na sijawahi kulisikia likisemwa: huzuni ni rafiki wa udongo, furaha ni adui. Mtu mwenye huzuni kajikunja, mikono iko karibu na mwili, magoti yamekutana na kifua, kila kitu kinashikana na kingine, kitasimama chenyewe na kitakauka vizuri. Mwenye furaha kafungua mikono hewani, kasimama kwa kisigino kimoja, kichwa nyuma, na udongo mbichi hauna nguvu hiyo hata kidogo, unashuka mbele ya macho yako. Ndo maana sanamu nyingi za udongo za wanaoanza zina majonzi, sio kwamba sisi ni watu wa majonzi sana, ni vile majonzi hayadondoki. Kwahiyo ukitaka furaha usianze na mikono juu. Tafuta furaha iliyofungwa, mtu anayecheka mpaka kajishika mbavu, mama kamkumbatia mtoto kwa nguvu, wawili wameegemeana migongo. Ukilazimika mikono iende juu basi itengeneze pembeni, isubiri ikaze kidogo ndo uiunge, na uiwekee vishikizo vya udongo uleule ulio na unyevu uleule ili visinyae pamoja nayo, ukiweka kijiti cha mbao udongo utasinyaa kijiti kitabaki na mkono utakatika.

Kwa sababu hiyohiyo usiweke nondo au waya ndani ukaziacha. Wanaofinyanga kwa ajili ya kutoa molidi, yani kalibu, wanatumia fremu ya chuma, lakini wao sanamu yao ya udongo haiingii motoni. Wewe ukihitaji mhimili tumia bomba au mti wa kusimama katikati ambao utauchomoa kabla udongo haujakaza, au egemeza kwa nje.

Kukomba ndani unafanya udongo ukishakaza. Utajuaje? Ukibonyeza kwa kidole hauachi shimo, ila ukikwangua kwa ukucha unatoka kama sabuni ya mche. Kata kwa waya sehemu zinazofichika, chini ya nywele, kwenye pindo la nguo, kiunoni, na kabla ya kukata chora alama mbili tatu zinazovuka mstari ili ujue pa kurudishia. Komba kwa kile kifaa chenye kitanzi cha waya mpaka ukuta ulingane kila mahali, kulingana ni muhimu kuliko wembamba. Kisha chakacha kingo zote mbili kwa uma au msumeno mdogo mpaka ziwe na mikwaruzo ya kutosha, paka uji wa udongo uleule, bana, sukumia huku na huku kidogo mpaka usikie zimeshikana, na pitishia kijikamba cha udongo laini juu ya mshono. Watu wengine wanaweka siki kwenye uji, mi naweka pia na sioni ubaya.

Kila chumba kilichofungwa kitoboe tundu la kutolea hewa. Kichwa kitoboe kwenda shingoni, shingo kwenda kifuani, kifua kwenda chini. Sanamu za Nok za Nigeria, ambazo zina umri wa zaidi ya miaka 2,000 na zilianza kuonekana 1928 kwa wachimba bati, mboni za macho yao ni matundu yaliyotobolewa kabisa, na puani na mdomoni vilevile. Angalia ujanja huo, tundu hilohilo linapumua kwenye moto na linampa mtu macho ya kukutazama.

Shingo sasa. Nimepoteza kazi nyingi kwenye shingo kuliko mahali pengine popote. Nilikuwa na bibi mmoja kajiinamia, miezi miwili ya kazi, nikafurahi mno nikaacha kichwa kizito nje ya nailoni usiku mmoja huku kifua nimekifunika, asubuhi nikakuta ufa mwembamba kama unywele nyuma ya shingo. Nikauziba. Ukarudi. Nikauziba tena, na tanuri likamaliza biashara. Kichwa kilikauka mbele, kikasinyaa, kifua bado kibichi hakijasinyaa, katikati yao kuna shingo nyembamba, hebu fikiria nani atalipa.

Hatua ya 5: sasa uso

Kama mwili umeshasema, uso kazi yake ni kutokupinga. Basi. Ukiwa na mwili uliojikunyata afu uso nao unalia kwa nguvu zote inakuwa ni kelele mbili. Mara nyingi naufanya uso uwe kimya kuliko mwili kwa daraja moja au mawili, na watu wanasimama hapo muda mrefu zaidi. Vichwa vya udongo vya Ife, huko Nigeria, ni shule ya hili, nyuso zimetulia kabisa, huwezi kusema anacheka au kakasirika, lakini huondoki.

Weka mifupa kwanza. Macho yako katikati ya kichwa, sio juu, hapa kila mtu anakosea kwa sababu tunasahau urefu wa paji na nywele. Sikio linakaa kati ya nyusi na chini ya pua. Kama ni mtoto macho yashuke chini ya nusu. Bonyeza matundu ya macho kwa vidole gumba viwili, weka mboni kama vidonge, funika na kope kama vipande vya udongo, usichore jicho kwa kijiti juu ya uso bapa.

Alafu twende kwenye nyusi, hapa ndo kwenye siri. Kwenye huzuni ya kweli ncha za ndani za nyusi, zile za karibu na pua, zinapanda juu na kukaribiana, na kope la juu linafuata kwa mshazari. Ni misuli ambayo watu wengi hawawezi kuiamrisha, ndo maana mtu akiigiza huzuni anashusha mdomo tu, na ndo maana sanamu yako ya kwanza ilitoka mtu kanuna. Kwenye hasira nyusi zinashuka na kubanana, kope la chini linakaza. Kwenye hofu nyusi zote zinapanda zikiwa zimenyooka, kope la juu linafunguka mpaka weupe unaonekana juu ya mboni, macho yanamtoka pima kweli. Kwenye furaha hesabu shavu. Daktari mmoja Mfaransa, Duchenne, alichapisha mwaka 1862 picha za watu aliokuwa anagusa misuli ya nyuso zao kwa umeme, akasema kwamba mdomo unaweza kutabasamu kwa kuagizwa, ila misuli inayozunguka jicho inakaza tu mtu akifurahi kwa dhati. Kwahiyo pandisha shavu mpaka lisukume kope la chini, kisha ndo uguse mdomo.

Usilinganishe pande mbili. Uso wa mtu mwenye jambo moyoni hauko sawa kulia na kushoto, jicho moja linawahi kuchoka. Ukimaliza upande mmoja usipime kwa rula kuhamishia upande wa pili, sogeza kidogo tu, milimita 1 au 2 kwenye kichwa cha ukubwa wa ngumi inatosha kubadilisha habari yote.

Geuza sanamu uione kwenye kioo. Makosa uliyoyazoea yatakurukia machoni.

Hatua ya 6: mikono na ngozi

Mkono unadanganya kidogo kuliko uso. Kama muda wako ni mchache upunguze kwenye nywele, kwenye nguo, kwenye masikio, ila mikono ipe muda. Cha kuangalia sio kucha, ni mgandamizo: kidole kinapobonyeza shavu lazima shavu libonyee na lijae pembeni, kiganja kikikamata mkono wa mwenzake lazima nyama ya pale isogee. Bila hivyo vidole vinaonekana vimebandikwa. Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani, baada ya mwanae Peter kuuawa vitani Oktoba 1914 alihangaika na sanamu ya wazazi waliofiwa mpaka 1932, ni za mawe hizo na sio udongo, lakini mwangalie baba: kapiga magoti kajikumbatia mwenyewe kifuani kwa mikono yote miwili, kajibana kama asipojibana atamwagika. Mama yuko pembeni kainama. Mikono ya baba peke yake inatosha.

Alama za vidole vyako unaweza kuziacha. Swali ni wapi. Mi nalainisha pale mwili umekaza, goti, bega, mfupa wa paji, na naacha mbichi pale umelegea, tumbo, mashavu, nguo. Ukilainisha kila mahali kwa sponji unamuua, anakuwa mwanasesere wa dukani. Na maji kidogo tafadhali, maji mengi juu ya udongo wenye chenga yanaosha udongo laini na kuacha mchanga juu kama ugonjwa wa ngozi.

Kabla hujaenda mbele mwache siku mbili ndani ya nailoni, mgeuze aangalie ukuta. Ukirudi mara ya kwanza fungua upande wa mgongo. Kama mgongo unakwambia kitu, endelea kukausha. Kama haukwambii, udongo bado ni laini, bado una nafasi.

Hatua ya 7: kukausha

Polepole kuliko unavyotaka. Mfunike kwa nailoni nyepesi, wiki ya kwanza yote, na sehemu nyembamba kama vidole, masikio na pua zifunge kwa vipande vya nailoni peke yake ili zisikimbie mbele ya mwili. Mweke juu ya magazeti au mchanga mwembamba ili miguu iweze kuteleza inaposinyaa, akigundishwa kwenye ubao atapasuka visigino. Jua na feni visimguse. Sanamu ya sentimita 40 naipa wiki 3 mpaka 4, na nikiweka shavuni kwangu ikiwa bado ina ubaridi basi bado ina maji, naiacha.

Vumbi hapa linakuwa kitu cha hatari, sio la kuchekea. Udongo una silika, na ukiivuta miaka na miaka inaharibu mapafu moja kwa moja. Usipige msasa sanamu kavu bila barakoa ya vumbi inayofaa, na sakafu usifagie, futa kwa kitambaa kilicholowa.

Hatua ya 8: moto

Kwanza niondoe uzushi. Watu wanasema kiputo cha hewa ndo kinalipua sanamu. Hapana bana, ni maji. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta yakifika nyuzi 100 za Selsiasi yanageuka mvuke, mvuke unahitaji nafasi kubwa ghafla, kama hauna njia unajitengenezea. Sanamu nene iliyokauka kikweli itapona hata ikiwa na viputo, nyembamba yenye unyevu italipuka.

Kwahiyo kwenye tanuri la umeme au gesi naanza na nyuzi 80 mpaka 90, tundu la juu likiwa wazi, usiku kucha. Weka kioo cha kujitazamia juu ya tundu, kikipata ukungu maji bado yanatoka, usipandishe. Baada ya hapo nyuzi kama 60 kwa saa mpaka nipite 600, na sehemu ya 573 lazima uwe mpole kwa sababu chembe za kwatsi zilizo kwenye udongo zinatanuka ghafla pale, na zikishuka zinarudi ghafla vilevile. Ukishapita 600 unaweza kwenda 100 mpaka 150 kwa saa hadi 1,000 au 1,060 kwa uchomaji wa kwanza. Kushuka usiguse mlango. Najua, kiu ya kuona inaua, lakini ukifungua kwenye nyuzi 300 utasikia tu "ti" ndogo ya kusikitisha. Subiri ishuke chini ya 100, na ukiweza mpaka uweze kumshika kwa mkono mtupu.

Anayechoma kwa kuni ardhini afuate mantiki hiyohiyo, apashe sanamu joto pembeni ya moto masaa mengi kwanza, na ukuta uwe na chenga nyingi zaidi. Moto huo haupandi sana kama wa tanuri, sanamu itabaki laini kidogo, lakini madoa ya moshi inayopata kwenye mabega huwezi kuyapaka kwa brashi hata ukisoma miaka kumi.

Hatua ya 9: rangi, na pa kumweka

Gilezi yenye kung'aa, ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya udongo motoni, usoni sikushauri. Ni nene, inajaza mikunjo uliyohangaika nayo, na mng'ao wake unavunja vivuli, na hisia kwenye sanamu zinakaa kwenye vivuli. Changanya oksidi ya chuma na maji, paka mwili mzima mpaka iingie kwenye kila mkwaruzo, ikikauka kidogo futa kwa sponji iliyokamuliwa, itabaki kwenye mabonde na itaondoka kwenye vilima, alafu rudisha motoni. Oksidi ya manganizi inatoa weusi mzuri zaidi ila vumbi lake na moshi wake ni sumu, kama chumba chako hakina hewa ya kutosha achana nayo. Mi siku hizi nyingi naziacha rangi ya udongo tu.

Pa kumweka watu wanapachukulia poa. Mtu aliyejiinamia ukimweka kwenye meza ya chini, mtazamaji anaona utosi basi, kazi yote ya uso uliyofanya wiki nzima imeenda na maji. Mpandishe, uso wake ufike usawa wa kifua cha mtazamaji au juu kidogo, ili mtu alazimike kuinama mwenyewe ndo amuone. Anayetazama juu mshushe. Taa iwe moja, itoke juu kwa pembeni, usiiweke mbele kama ya kamera, na iwashe ukiwa umesimama upande wa mgongo, uisogeze taratibu mpaka bega la mbali lipotee gizani.